"Ni uzee tu": neno linalomchelewesha mzee kufika hospitali

NA DAKTARI WETU

KUNA maneno matatu ambayo sisi madaktari huyasikia mara kwa mara tunapoletewa mgonjwa mzee akiwa katika hali mbaya. Tunauliza: "Ameanza lini kuwa hivi?" Jamaa zake hutazamana, kisha mmoja hujibu: "Tangu Ijumaa, daktari. Hakuwa akila, na alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka. Tulidhani ni uzee tu."

Msomaji, somo la wiki hii ni maneno hayo matatu: ni uzee tu. Nia yangu ni kukuonyesha kwamba uzee huja polepole, kwa miaka mingi, wala hauji Ijumaa. Mtu aliyekuwa akienda msikitini kwa miguu yake wiki iliyopita na leo hawezi kuinuka kitandani, hakuzeeka baina ya wiki ile na hii. Ameugua. Na kwa kuwa ni mzee, muda wa kumwokoa ni mfupi kuliko wa kijana.

Nimechagua visiwa vya Lamu kuwa mfano wetu kwa sababu mbili. Kwanza, huko umbali wa hospitali hauhesabiwi kwa kilomita peke yake, bali pia kwa maji kujaa na kupwa. Pili, wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mko Mombasa au Nairobi, na wazazi wenu wamebaki nyumbani Amu, Shela, Siyu, Faza au Kizingitini. Simu ikilia usiku, wewe ndiwe unayeulizwa: "Tumpeleke sasa, au tungoje kupambazuke?" Na wewe ambaye wazazi wako wako Kisii au Machakos, usigeuze ukurasa. Mwili wa mzee ni ule ule. Bahari yako wewe ni barabara mbovu na usiku usio na gari.

UZEE HUFANYA NINI MWILINI?

Kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, mzee ni mtu aliyezidi umri wa miaka 60. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nchi hii ina watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Lakini mwili hausomi Katiba. Viungo vingi huanza kupungua nguvu tangu mtu akiwa na miaka 30 au 40, ila hatutambui kwa sababu tumezaliwa na akiba. Moyo, mapafu na figo za kijana zina uwezo mkubwa kuliko unaohitajika kwa shughuli za kila siku.

Uzee huila akiba hiyo kidogo kidogo. Ndiyo maana mzee anaweza kukaa barazani akiongea na kucheka, bila upungufu wowote kuonekana. Upungufu huonekana siku ya dhiki, yaani siku ya homa, ya kuharisha, ya kuanguka au ya joto kali. Siku hiyo kijana huingia ghalani akachota. Mzee huingia akakuta ghala limebaki makapi. Tuangalie viungo kimoja kimoja.

Moyo na mishipa ya damu: Mishipa hukakamaa kama mpira uliokaa juani, na presha ya juu hupanda. Moyo nao hushindwa kwenda mbio kama zamani. Madaktari hukadiria kasi ya juu kabisa ya moyo kwa kuchukua 220 na kutoa umri wa mtu. Kijana wa miaka 20 anaweza kufikia mapigo 200 kwa dakika. Mzee wa miaka 70 hufikia kama 150 tu. Kwa hiyo akipoteza damu au maji mengi, moyo wake hauna mbio za kufidia.

Mapafu: Kifua hupoteza ulaini wake na misuli ya kupumulia hulegea. Kikohozi hukosa nguvu ya kutoa makohozi. Hapo nimonia hupata makao.

Figo: Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, uwezo wa figo kuchuja damu hupungua kwa watu wengi kwa kiasi cha asilimia 1 kila mwaka. Dawa ambayo kijana huitoa mwilini kwa siku moja, mzee hukaa nayo zaidi. Kipimo kilichomfaa akiwa na miaka 50 kinaweza kumdhuru akiwa na miaka 80.

Maji na kiu: Karibu asilimia 60 ya uzito wa mwanamume kijana ni maji. Kwa mzee hushuka hadi karibu asilimia 50. Jambo baya zaidi ni kwamba kiu nayo hufifia. Mzee anaweza kukaukiwa na maji mwilini na asiombe hata kikombe kimoja. Miezi ya Februari na Machi, joto linapokuwa kali pwani, usimngoje aseme ana kiu.

Mifupa na misuli: Baada ya umri wa miaka 30 mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi. Mifupa nayo hukonda, hasa kwa wanawake baada ya kukoma hedhi. Kuanguka kutoka kimo cha kusimama, jambo ambalo mtoto hulifanya mara kumi kwa siku, kunatosha kuvunja nyonga ya nyanya yako.

Ubongo: Ubongo husinyaa kiasi, na vijishipa vinavyouunganisha na utando wake huvutika. Pigo dogo la kichwa linaweza kuvichana, damu ikavuja polepole, na dalili zisionekane mpaka baada ya siku au hata wiki kadhaa.

UGONJWA HUJA KWA SURA NYINGINE

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Daktari Bernard Isaacs, bingwa wa tiba ya wazee aliyefanya kazi Glasgow na baadaye Birmingham, Uingereza, alitaja mambo manne akayaita majitu ya uzeeni: kushindwa kutembea, kuanguka, kushindwa kuzuia haja, na kuvurugika kwa akili. Maana yake kwetu ni kwamba ugonjwa wowote, uwe wa kifua, wa moyo, wa figo au wa tumbo, unaweza kuingia kwa mzee kupitia mojawapo ya milango hiyo minne, huku ukiacha mlango wake wa kawaida umefungwa.

Chukua mfano wa nimonia. Kijana hupata homa kali, kikohozi na kichomi, na kila mtu nyumbani anajua kuwa ni mgonjwa. Mzee huenda asikohoe sana wala asichemke mwili. Atakataa chakula, ataanguka akienda chooni, na usiku ataanza kuwaita watu waliokwisha kufariki. Majirani watasema amepagawa au umri umemfikia. Kumbe ni mapafu.

Kuhusu homa yenyewe, joto la kawaida la mzee mara nyingi huwa chini kuliko la kijana. Kwa hiyo kipimajoto kikionyesha nyuzi 37.2 mara kwa mara, au kikipanda kwa nyuzi 1.1 kuliko kawaida yake, hiyo kwake ni homa. Usingoje ifike 38 au 39.

Mshtuko wa moyo nao hutudanganya. Tumezoea kusikia habari za mtu kushika kifua kwa maumivu makali. Kwa wazee wengi, na hasa wenye kisukari, maumivu hayo hayatokei. Kinachoonekana ni pumzi kukatika, jasho baridi, kutapika au unyonge wa ghafla. Hali kadhalika, tumbo linaweza kuwa na hatari kubwa ndani, kama kidonda kilichotoboka, na ukilibonyeza bado likawa laini.

Hata vipimo vyetu vinaweza kumficha mgonjwa. Mzee aliyezoea presha ya juu ya 160, akaanguka, na sasa mashine inasoma 105, watu hufurahi kwamba presha yake ni "nzuri kama ya kijana". La hasha. Kwa mtu aliyezidi miaka 65 na ameumia, nambari iliyo chini ya 110 ni onyo la kuvuja damu. Na kama anatumia dawa za presha kama vile atenololi au propranololi, mapigo yake hayatapanda hata akiwa anavuja damu ndani. Ndiyo sababu daktari anahitaji kuziona dawa zake zote.

FUNZO LA LAMU LA MWAKA 2004

Watu wa Amu hawajasahau mwaka 2004, wakati ugonjwa wa chikungunya ulipouvamia mji. Jina hilo lilitokana na lugha ya Kimakonde, kwa maana ya kujikunja kwa maumivu, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika. Mbu waliokuwa wakizaana katika vyombo vya kuhifadhia maji wakati wa ukame waliueneza. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wakazi wa mji walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu ugonjwa ulifika Komoro, na miaka ya 2005 na 2006 ukakipiga kisiwa cha Réunion kinachotawaliwa na Ufaransa.

Kirusi kilikuwa kimoja kwa kijana na kwa mzee. Vijana wengi waliumwa na viungo, wakalala, wakainuka. Huko Réunion, waliokufa wengi walikuwa wazee, hasa waliokuwa tayari na maradhi ya moyo, kisukari au figo. Aidha, maumivu ya viungo hukaa kwa miezi mingi kwa watu wenye umri mkubwa, nao hununua dawa za maumivu dukani bila kipimo, dawa ambazo nazo huumiza figo na tumbo. Kwa hiyo, mlipuko wowote ukitokea mtaani, uwe wa homa, wa kuharisha au wa mafua, wa kwanza kuangaliwa awe mzee wa nyumba, hata kama anasema hajambo.

DALILI ZA KUMKIMBIZA HOSPITALI

Mzee akipata mojawapo ya mambo haya kwa ghafla, au katika muda wa siku moja au mbili, usiseme ni uzee:

1. Kuchanganyikiwa, kusinzia mno, au kutomtambua mtu anayemjua.

2. Uso kupinda, mkono au mguu kulegea, usemi kukwama.

3. Kushindwa kusimama au kutembea ilhali jana aliweza.

4. Pumzi kukatika, au kushindwa kulala chali kwa sababu ya pumzi.

5. Maumivu ya kifua, au jasho baridi na kutapika bila sababu.

6. Kuanguka na kugonga kichwa, hasa kama anatumia aspirini, warfarini au dawa nyingine ya kuyeyusha damu.

7. Kutokojoa tangu asubuhi hadi usiku. Kwa mwanamume huenda ni tezi kibofu imeziba njia. Kwa yeyote huenda ni maji yamemwishia.

8. Choo cheusi kama lami, au kutapika damu.

9. Kukataa kula na kunywa kwa siku nzima.

Kumbuka pia kwamba mtu mwenye maradhi ya usahaulifu ya uzeeni anaweza kuchanganyikiwa kwa ghafla juu ya usahaulifu wake wa kila siku. Kipimo ni kumlinganisha na alivyokuwa wiki iliyopita. Anayejua kipimo hicho ni wewe unayeishi naye, si daktari. Ukisema "huyu leo siye yule wa juzi," umetupa habari kubwa kuliko mashine nyingi.

HUDUMA YA KWANZA NYUMBANI

Akianguka: Usimnyanyue kwa pupa. Nyumba za kale za Amu zina ngazi nyembamba zenye vidato virefu, na vichochoroni punda mwenye mzigo anaweza kumbana mtu ukutani. Kwa hiyo ajali hizi si haba. Muulize anaumwa wapi. Tazama miguu yake: kama mmoja umekuwa mfupi na wayo umegeukia nje, nyonga imevunjika mpaka picha ithibitishe vinginevyo. Usimvute, usimsimamishe "ajaribu", wala usimwite mkandaji kuuchua kwa mafuta. Kuchua mfupa uliovunjika huongeza kuvuja damu. Weka mto kati ya miguu, ufunge miguu pamoja kwa leso, umfunike, umngoje mbebaji. Lakini usimwache sakafuni kwa saa nyingi, kwani ngozi yake nyembamba huanza kuoza penye mfupa, na misuli iliyokandamizwa humwaga sumu inayoziba figo.

Kiharusi: Mwambie acheke, uone kama uso umepinda. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie aseme sentensi moja. Likikosekana moja, tazama saa, uandike wakati alipoonekana mzima mara ya mwisho. Wataalamu wamekadiria kwamba kiharusi kisichotibiwa huua seli za ubongo milioni 1.9 kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba si kuvuja damu. Kwa hiyo usimpe aspirini, na usimpe vidonge vya ziada vya kushusha presha. Asinyweshwe wala kulishwa chochote, kwa kuwa anaweza kukiingiza mapafuni.

Nasema chochote, kombe nayo ikiwemo. Sina nia ya kuzuia dua. Dua isomwe, tena isomwe njiani, mgonjwa akiwa tayari yuko ndani ya boti.

Mshtuko wa moyo: Mkalishe akiegemea, mlegezee nguo. Kama hana mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, na hana dalili za kiharusi, atafune aspirini ya miligramu 300. Akizimia na asipumue, mlaze penye sakafu ngumu na ubonyeze katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mbavu za mzee zinaweza kulia au kuvunjika. Usiache kwa sababu hiyo, ubavu hupona.

Sukari kushuka: Mwenye kisukari akitetemeka, akitoka jasho au akianza kusema ovyo, mpime. Kama sukari iko chini ya 4, au kama huna kipimo, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, ikiwa bado anameza vizuri. Akishazimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize. Jihadhari na wanaotumia glibenklamaidi: dawa hiyo hukaa mwilini mwa mzee muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena baada ya yeye kuamka na kusema amepona. Lazima afike hospitali. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, mzee mwenye kisukari aonane na daktari wake kabla ya kuandama mwezi. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Kukauka maji: Akiwa na fahamu na anameza, mpe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, kidogo kidogo, kila baada ya dakika chache. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo asijaziwe maji kwa wingi bila ushauri.

KUTOKA CHUMBANI HADI HOSPITALI

Hospitali ya King Fahd iliyoko mjini Lamu ndiyo kubwa katika kaunti. Faza, kisiwani Pate, kuna hospitali pia, na bara kuna ya Mpeketoni. Anayehitaji mabingwa zaidi hupelekwa Mombasa, safari inayozidi kilomita 300 kwa barabara, au kwa ndege kutoka kiwanja kilichoko kisiwani Manda, ambako nako hufikiwa kwa kuvuka maji.

Sasa tuseme mzee yuko ghorofani Amu, mtaa wa ndani. Vichochoro vingi havipitishi gari. Atateremshwa kwa mikono ya vijana, kwenye machela au kwenye kiti imara, kutegemea ugonjwa. Mwenye shida ya pumzi abebwe akiwa amekaa. Ukimlaza chali unamzamisha. Aliyevunjika nyonga abebwe amelala. Ubao mtupu haufai. Mtandikie godoro jembamba, na chini ya shingo iliyopinda kwa umri weka mto badala ya kuilazimisha inyooke.

Tuseme tena mzee yuko Siyu au Kizingitini. Hapo huna budi kumuuliza nahodha kabla ya kuuliza kitu kingine. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, umejulikana kuwa wa kina kifupi. Maji yakipwa sana, chombo kizito huenda kikakwama au kikalazimika kuzunguka nje ya Manda, upande wa bahari kuu, na wakati wa kusi mawimbi ya huko si ya kumpitishia mgonjwa. Kwa hiyo "tungoje asubuhi" huenda maana yake ikawa "tungoje maji ya mchana", na hayo ni masaa mengine sita. Dalili zikionekana alasiri huku maji yakiwa juu, huo ndio wakati wa kuondoka. Kama njia imefungwa na giza, mpeleke kwenye kituo cha karibu zaidi kisiwani humo aanzishiwe dripu au sukari, huku hospitali kuu ikipigiwa simu kabla hajafika.

Ndani ya boti, mlaze katikati, mbali na injini na mvuke wa maji. Mfunike, kwani upepo na nguo zilizolowa humpoza mzee upesi hata katika nchi ya joto. Avae jaketi la kuokolea kama wengine. Na afuatane na yule anayejua habari zake, si yule mwenye nguvu tu.

DAWA ZAKE ZOTE

Chukua kila dawa iliyoko chumbani mwake uitie mfukoni: za hospitali, za duka, za miti shamba, na zile alizopewa na jirani. Usichague. Dawa za maumivu kama vile diklofenaki na ibuprofeni ni miongoni mwa vyanzo vya vidonda vya tumbo kuvuja damu, figo kushindwa na presha kupanda. Za usingizi humwangusha usiku. Za kuongeza mkojo humkausha akiharisha. Mara nyingi tiba bora ya mzee aliyechanganyikiwa ni kumwondolea dawa moja, wala si kumwongezea ya saba.

HAKI YAKE

Jamaa wengine husita kwa hofu ya gharama, au kwa kudhani kwamba kitanda kitapewa kijana kwanza. Jua kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 57 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo na msaada ufaao kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Hakikisha jina la mzee limeandikishwa leo, angali mzima. Siku ya dharura si siku ya kutafuta kitambulisho chini ya godoro.

FANYA HAYA WIKI HII

Andika karatasi moja na uibandike nyuma ya mlango wa chumba cha mzee. Iwe na: jina na umri wake, maradhi aliyonayo, dawa na vipimo vyake, dawa zinazomdhuru, presha yake ya kawaida, na maneno machache yanayoeleza anavyokuwa akiwa mzima, kwa mfano "hutembea mwenyewe hadi msikitini, huwajua wajukuu wote kwa majina". Chini yake andika simu ya kituo cha afya, ya manahodha wawili wenye boti, na ya vijana wanne wa mtaa walio tayari kubeba. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Kisha panda ngazi zake kwa jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho. Funga kamba ya kushikia, weka taa ya usiku, ondoa mkeka unaoteleza. Mkumbushe maji kila baada ya swala. Haya hayagharimu kitu kikubwa, na huzuia safari nyingi za usiku.

Mwisho, kubalianeni kabla ya siku yenyewe ni nani mwenye kauli ya kusema "twende". Wagonjwa wetu wengi hucheleweshwa na kikao: kaka mkubwa yuko Mombasa hapokei simu, binti yuko Nairobi anataka kuulizwa, na maji yanakupwa. Mpeni ruhusa hiyo yule anayelala nyumba moja na mzee. Akisema amebadilika, amebadilika. Chombo kiwekwe majini.

Wiki ijayo tutazungumzia jinsi ya kumuuguza nyumbani mzee aliyetoka hospitali baada ya kuvunjika nyonga.